Umri wa Nyangau

Nyamira, 4 Februari 2024

Kwa dada Gesare,

Salamu nyingi. U hali gani, na mwanao Ian anaendeleaje? Sisi tunapumua tu. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa Gladys wa kanisani barua hii akuletee.

Najua mwanangu Nyangau na wenzake walimuua mume wako. Sina uso wa kukuomba, lakini naomba. Kesi inafika mwisho, na kwa wizi wa mabavu hukumu ni kitanzi. Wakili anasema aliyetenda kosa kabla ya miaka kumi na minane hanyongwi. Wenzake ni watu wazima, lakini yeye alikuwa na kumi na saba, unajua. Tulimdanganya chifu kwamba ametimiza, apate kitambulisho, aandikwe kazi kiwanda cha chai. Sasa kitambulisho hicho ndicho kinamnyonga. Mimi mamake siaminiwi. Wewe mjane utaaminiwa. Useme, dada.

Mdogo wako,
Mokeira

Nyamache, 2 Machi 2024

Mokeira,

Salamu nimepata. Naandika Kiswahili kwa sababu kwa Kikisii ningekutukana.

Jioni ile Ishmael alisimamisha pikipiki kwa sababu aliyempungia mkono ni Nyangau. Alidhani anambeba mtoto wa nyumbani. Wakamkata panga, wakaondoka na pikipiki. Panga liliuliza umri?

Mwanao alipotoka jandoni mlimwambia amekuwa mwanaume, asikanyage tena chumbani kwako. Mlipotaka mshahara wake, alikuwa mtu mzima. Leo korti imemshika, amerudi kuwa mtoto. Umri mnamvalisha kama sweta, joto likija mnamvua. Na Ishmael wangu, nimwombee kwa nani?

Usiniandikie tena.

Dadako,
Gesare

Nyamache, 19 Mei 2024

Kwa Mokeira,

Hali yako siulizi, nilikuona kortini, umekonda. Ulikuwa umejifunika leso usoni, sijui kama ulisikia.

Niliapa kwa Biblia. Nikasema Nyangau na Ian wangu walizaliwa juma moja, wewe ukaugua, nikawanyonyesha wote wawili. Na siku babake anauawa, Ian alikuwa na kumi na saba. Wakili wa serikali akauliza kama nimehongwa. Nikamjibu, "Aliyekufa ni wangu. Nihongwe nini?"

Jana nimesikia wenzake wamepewa kitanzi, yeye kifungo. Sawa. Shemeji yangu Angwenyi ameniambia nitoke kwa boma la ndugu yake. Ian hali tena chakula ninachopika.

Usije kunishukuru. Sijakusamehe, na yeye simsamehe. Azeekee humo ndani, sitalia. Lakini alikuwa mtoto, na mtoto hanyongwi, hata akiwa huyo. Hilo nililijua tangu niliposoma barua yako, na nililichukia.

Ukitaka kuja, kumbuka mlango wangu unaangalia kaburi.

Mjane wa Ishmael