Anaishi ama Aliishi

Nsambya, Kampala, 4 Machi 2023

Papa,

Salamu nyingi. Mgongo umepoa? Mimi mzima, ila tangu Jumapili sijaongea na mtu nje ya darasa.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Nanyama, alitufundisha kuunganisha sentensi kwa “who”. Nikaandika: “My husband, who lives in Uvira.” Mume wangu, anayeishi Uvira. Akaniuliza, “Lives ama lived? Anaishi ama aliishi?” Nikaifuta sentensi yote. Tangu Elisée apande lori la Uvira, simu yake haipatikani. Wewe uliyefundisha Kiingereza, hakuna namna ya kuandika bila kuchagua?

Binti yako,
Perpétue

Bukavu, 12 Machi

Mwanangu,

Aksanti kwa salamu. Mgongo ni ule ule. Mama anauliza kama unakula.

Namna ipo. Ondoa “who”, kitendo ukimalizie kwa -ing: “My husband, living in Uvira.” Hapo hujasema ni leo ama ni zamani. Lakini maneno hayo hayasimami peke yake; wakati yanaupata kwenye kitenzi kikuu cha sentensi. Kwa sasa andika hivyo.

Papa

Nsambya, 2 Juni

Papa,

Hamjambo nyumbani? Mbona kimya? Niliandika ulivyosema, Nanyama akanisifu. Lakini jana, kwenye mahojiano ya wakimbizi, afisa aliniuliza tu: “Mumeo yuko hai?” Nikasema sijui. Akaandika, akaita mwingine.

Nijibu, tafadhali.

Binti yako,
Perpétue

Bukavu, 20 Juni

Mwanangu mpenzi,

Sitaanza na habari za afya. Nilikuwa Uvira, nikimtafuta. Nimempata Benedicte, mama aliyempangisha chumba. Elisée aliugua homa ya ghafla, akafa wiki ile ile aliyofika. Hawakujua wampigie nani. Nimefika kaburini, nimeomba kwa sauti na kutaja jina lako.

Usikae na habari hii peke yako. Toka sasa, ugonge mlango wa jirani.

Papa

Nsambya, 23 Juni

Papa,

Niligonga. Alifungua Moreen, Mkenya anayeuza nguo soko la Owino. Tumepanga ukuta kwa ukuta mwaka mzima, sikujua hata jina lake. Nilimpa simu asome ujumbe wako. Akanikalisha kitandani, akaweka maji ya chai. Tulipomaliza kulia, akauliza, “Alikuwa mtu wa aina gani, mume wako?”

Hapa Kampala hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimweleza mpaka chai ikapoa, akaipasha moto, nikaendelea.

Binti yako