Kandambili ya Baba Yake

Shemeji yangu mpendwa,

Kidoti ametoka sasa hivi kuelea ndege yake ya kuchezea kwenye beseni, ameipakia kandambili moja ya baba yake. Eti ya pili ataipeleka kesho, mzigo usizidi.

Uliniuliza ile ndege ya maji aliyoiagiza marehemu kaka yako ikoje. Nimeijaribu bwawani na fundi redio. Imekuja imeshaundwa, tulitia betri tu. Ilikimbia ikitimua maji, ikapaa. Upepo ukizidi inayumba, na bawa la kushoto linaingiza maji kidogo, lakini inatua kama bata, hata rimoti niishike mimi. Fundi alicheka, "Mama Kidoti, ndege hii inasamehe makosa yote."

Kosa langu mimi haikulisamehe. Siku ya maziko nilimwambia mtoto baba amesafiri ng'ambo ya maji. Sasa anaiona ndege ikienda ng'ambo ya bwawa na kurudi. Jana alichungulia kwenye kiti cha rubani, akaniuliza, "Mbona imerudi bila baba?" Nikasema betri iliisha njiani. Uongo juu ya uongo, shemeji.

Njoo tumwambie. Sauti yako ni ya kaka yako, nami nitakuwa nimempakata. Atalia, lakini mtoto akishalia kweli hucheka tena, naamini hivyo.

Ananiita huko nje, "Mama, leta rimoti, nimemtilia baba na soksi asione baridi." Ngoja niende. Labda nimwambie leo hii mwenyewe, na nikishindwa, nitakungoja wewe.