Miti ya Mpaka ya Katekista

Mjukuu wangu Adela,

Unisamehe kwa kukaa kimya tangu mavuno ya maharage. Hapa Ngara sote ni wazima. Bibi yako amepona mguu.

Unauliza kama uwafundishe watoto wa kanisani kumwiga Mfalme Daudi, aliyechukua mke wa mtu. Nilipokuwa kijana, katekista wetu, mwalimu wa dini, alihamishia miti ya mpaka ndani ya shamba la mjane jirani yake. Siku alipotufundisha habari za Daudi, mjane akamwambia mbele ya jumuiya, "Mwalimu, Daudi unamfundisha au unamwiga?" Watu wakacheka. Katekista akachukua jembe, akairudisha miti yeye mwenyewe, mchana, tukimtazama. Siku hiyo nilitamani kufanana naye.

Mimi pia nimesogeza mpaka wa mdogo wangu, na hajui. Nikishaamua kumwambia, nitakuandikia.

Babu yako