Ndoo ya Shingo za Majogoo

Mlandege, Jumamosi, Machi 1957

Kumbe ndiyo maana Bwana mwenye shamba na mkewe hawali shingo.

Leo mkaguzi wa nyama alikuja shambani akatusomea amri. Vile vidonge ninavyowapachika majogoo shingoni ili wanenepe ni dawa iitwayo homoni, haifai kuliwa. Kila shingo ikatwe, itupwe.

Nikauliza, "Itupwe wapi, bwana?"

Bwana akadakia, "Kwenye ndoo, kama siku zote."

Kama siku zote, ndoo hiyo ni yetu sisi vibarua. Mwaka wa pili huu nawabebea wanangu shingo hizo wale.

Mama Tula alinipokea mlangoni. "Shingo ziko wapi, Baba Tula? Maji yameshachemka."

Nikamdanganya kwamba leo hatukuchinja.

"Basi utatuletea Jumatatu."

Mikono inayopachika vidonge ndiyo hii hii inayoleta ndoo.