Kiti Chako Sasa Anakikalia Kuku

Baba Lazaro,

Wewe mwanamume, tangu masika yaishe hujanitokea hata kwenye ndoto. Mara ya mwisho ulikuja ukakaa kwenye kile kiti chako, ukaniangalia, ukaondoka bila kuaga. Ndiyo tabia gani hiyo kwa mke wako? Sasa nimemkalisha mjukuu wako Naserian aandike, maana kalamu na mimi hatujuani, na nimemwonya asinipambie maneno.

Nina habari nzuri. Ng'ombe wetu yupo, na mimi bado niko hapa Ngaramtoni.

Unakumbuka vijana walivyokuletea kile kiti cha mikono? Tulifurahi wote, mzee ameheshimiwa. Ukitaka maji, unaletewa. Ukitaka jua, kiti kinabebwa na wewe ukiwa juu yake. Wewe uliyekuwa unapanda kutoka mtoni na mzigo wa majani kichwani, unapiga mluzi. Mapaja yakanywea, suruali ikawa inaning'inia, nikasema ni uzee. Halafu miguu ikavimba, ukawa unaniambia, "Mama Lazaro, pumzi imegoma." Na sisi tukazidi kukukalisha.

Mwaka huu ikawa zamu yangu. Kuinuka kwenye kigoda mpaka nishike ukuta. Lazaro akasema basi, ng'ombe auzwe, Mama ahamie kwangu Olasiti akae kwenye kochi. Nikamwambia subiri kwanza daktari anione.

Yule mama daktari alinishika paja kama anayechagua mbuzi mnadani. Akasema nyama ya mwili ikipungua, moyo unakosa msaidizi. Na moyo ukiugua, nyama nayo inazidi kwisha. Vinavutana kwenda chini. Nikamuuliza habari zako. Akasema moyo wako ulikuwa na ugonjwa wake, si kiti kilichokuua, ila kiti hakikukusaidia. Nililia kidogo, mume wangu. Nikajifuta, nikauliza, na mimi je? Akasema wangu bado mzima. Nile mayai na maharage, nibebe mzigo ninaouweza, na nijifunze kuinuka kitini bila kushika kitu.

Nikajifunzia kwenye kiti chako. Mwanzoni nilikuwa narudi chini pu, kama gunia la viazi, na huyu anayeandika hapa alicheka mpaka akakaa sakafuni. Hata kanisani, kwenye benchi la mabibi tunaoruhusiwa kuimba tumekaa, nikaanza kusimama kila wimbo. Jirani yetu Mama Ndoye akaninong'oneza, "Kaa chini, unamtafuta nani?" Siku hizi na yeye anasimama. Benchi zima tunasimama, mchungaji anatushangaa.

Basi Jumamosi moja Lazaro akaja na gari la kumchukua ng'ombe. Sikugombana. Nikakaa kwenye kiti chako, nikafunga mikono kifuani, nikainuka. Nikamwambia, haya, zamu yako. Kitambi chake cha ofisini kikamrudisha. Akajaribu tena, jasho likamtoka, akashika mkono wa kiti. Nikamwambia, "Baba, ng'ombe anabaki, na wewe utakuwa unakuja kumkatia majani."

Gari likarudi tupu. Na anakuja kweli. Analalamika kama wewe, halafu akipanda kutoka mtoni namsikia anapiga mluzi. Mluzi wako ule ule. Siku ya kwanza niliusikia nikaacha maziwa yakamwagika jikoni, nikabaki nacheka peke yangu.

Kiti nimekitoa nje. Kuku mwekundu amekipenda, anatagia humo, na mayai yake ndiyo ninayokula. Kwa hiyo usiseme kiti chako hakina faida.

Haya, mzee wangu, lala salama. Nitakuja huko kwako, nakuahidi, lakini si sasa, nina ng'ombe wa kulisha. Na nitakuja kwa miguu yangu.

Wewe ukija tena, usikitafute kiti, utamkanyaga kuku. Pitia njia ya mtoni. Panga liko pale pale ulipoliacha, ukate majani, upande nayo, na upige mluzi ukiwa bado mbali ili niweke chai jikoni.