Bahasha Sita za Majani ya Mforosadi

3 Februari

Mwanangu Kijiti,

Za huko? Na kile kifua, kimetulia au bado unakohoa kama pikipiki ya jirani? Sisi hatujambo. Babako goti linamsumbua ila mdomo mzima, bado anabishana na redio. Viwavi wangu wa hariri wanakula mchana na usiku, ukikaa karibu na trei zao unasikia kama mvua inanyesha chumbani.

Basi barua yako nimeisoma peke yangu, kisha nikawasomea akina mama wa kikundi, maana habari kama hiyo unaikaliaje? Nikawaambia mwanangu yuko maabara anatafuta alama ndani ya majani ya mforosadi, hayahaya wanayokula viwavi wetu, alama ambazo hata uvae miwani mitatu huzioni. Fundi cherehani akauliza kama huo si uchawi. Nikamwambia uchawi hauna mshahara.

Ulisema nichume kwenye miti sita ya wafugaji wenzangu, majani machanga, niyachanechane, niyakaushe kwenye mchele, kila mti bahasha yake. Yote tayari. Nimezunguka nyumba zote na nimekunywa chai nyumba zote. Ila kwa Mama Pacha, we acha tu. Mforosadi wake uko kando ya barabara, majani yana vumbi, yana matobo, yamekunjamana kama nguo iliyolaliwa. Nikasema moyoni, haya ndiyo yaende mbele ya maprofesa, waseme huko ndiko alikotoka yule binti? Lakini usijali, zinazokuja kwako ni safi, bahasha zote sita.

Unasema mwezi wa nne wakubwa wa kituo chenu cha utafiti wataamua kazi yako ya miaka miwili iendelee au ifungwe. Itaendelea. Mamako nipo.

Mamako

11 Machi

Mama,

Shikamoo. Kifua kimepona. Mpe baba pole ya goti, na umwambie redio haimsikii. Nisamehe kwa kimya, nilikuwa sijui niandike nini.

Nikueleze kidogo. Ndani ya kila jani kuna uzi mrefu wa urithi, na mahali fulani uzi huo una kigugumizi, unarudiarudia jambo lilelile. Mti mmoja hurudia mara chache, mwingine hurudia sana. Hapo ndipo ninapoweka alama zangu. Mashine inanipa picha yenye vistari, na kila mti unakuwa na vistari vyake. Tukiziamini alama hizi, siku moja tutachagua mche bora ungali mdogo kama kidole, bila kungoja miaka ukue ndipo tuujue.

Sasa, mama, bahasha zako sita zimetoa picha moja. Sita zote, kistari kwa kistari. Bosi ameitazama, akasema alama zangu ni vipofu, haziwezi kutofautisha mti wa huyu na wa yule. Amesema nijiandae kufunga.

Kuna jambo lolote lilitokea ulipokuwa unachuma?

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo wote, goti limehamia mguu wa pili.

Hiyo mashine yenu mmeifuta vumbi? Ya kwetu ya kusagia ikikaa bila kufutwa inatoa unga wa kila mtu rangi moja. Muulize huyo bosi, kabla hajamtukana mtoto wa watu. Halafu umesahau kitu. Miforosadi ya mtaa huu imetokana na matawi, na matawi hayo nani aliyagawa? Kila mtu alikuja kwangu kuomba. Kwa hiyo ikifanana, si imefanana na mama yao? Mwambie hivyo, atanyamaza.

Huku seremala ameoa tena, yule mfupi. Bibi harusi amemzidi kimo, kwenye picha wamemsimamisha juu ya ubao na gauni likafunika ubao. Nimecheka mpaka nikaombwa nitoke.

Kula vizuri.

Mamako

27 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimecheka na mimi habari za seremala, ingawa sikuwa na nguvu za kucheka.

Ni kweli tawi likipandwa hutoa mti uleule. Lakini mforosadi wa Mama Pacha ulikuwepo kabla hujaolewa, wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia. Huo hauwezi kuwa tawi lako.

Jana nilikumbuka jani nililochuma siku naondoka nyumbani, la ule mti wetu wa jikoni. Nimekuwa nikiliweka ndani ya kitabu. Nilikata kipande nikakipitisha kwenye mashine. Picha yake ni ileile, mama. Bahasha sita na jani la jikoni, zote kitu kimoja.

Alama zangu si vipofu. Ila sina la kuonyesha. Kikao ni tarehe kumi na nane, na nikisimama pale bila majani ya miti sita ya kweli, kazi imekwisha na mimi nimekwisha nayo. Sikulaumu. Niambie tu yalichumwa wapi.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Leo sina umbea.

Ni mti wa jikoni, bahasha zote. Kwa wenzangu nilichuma kweli, kila nyumba. Nikafika nikayatandaza mezani nikaona aibu. Yamechoka, yana madoa, na jina lako ndilo lingeyapokea. Nikawapa viwavi, nikatoka nje nikachuma yetu yanayong'aa. Nilidhani jani ni jani, bora liwe zuri. Sikujua kama lina mdomo.

Jana nimezunguka upya. Haya hapa, kila mtu na lake, na vumbi lake. Nimewaambia wenzangu ya kwanza yaliharibika njiani. Wakijua niliidharau miti yao, sijui nitakunywa chai wapi. Naomba usimwambie mtu.

Mamako

20 Aprili

Mama,

Shikamoo, shikamoo tena.

Bosi aliniuliza mbele ya watu wote, tutajuaje kwamba alama zako zinaona? Nikaweka ukutani picha ya kwanza, kisha ya majani yako mapya. Ya kwanza mti mmoja, ya pili miti sita, kila mmoja na vistari vyake. Nikawaeleza kwamba mchumaji alijaza bahasha zote kwenye mti mmoja bila kusema, na alama zikalijua hilo kabla ya sisi wenyewe kulijua, tena zikautaja mti wenyewe.

Kulikuwa na mama mmoja mzee ambaye amezalisha miforosadi maisha yake yote. Aliomba aione tena. Akacheka hadi akavua miwani kuifuta. Kisha akamgeukia bosi, akasema, "Alama inayomkamata mtu aliyeficha mti ndiyo ninayoitaka shambani kwangu. Mpeni huyu chumba cha kazi."

Kazi inaendelea, mama, na nimepewa chumba. Kina dirisha, na nimepewa wasaidizi wawili.

Waliniuliza mchumaji ni nani. Nikasema ni mfugaji mmoja wa hariri. Siri yako ninayo.

Mwanao

29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na nyingine juu yake. Babako ameizima redio kwa hiari yake ili nimsomee barua. Nimemsomea mara mbili, ya pili akaniambia nisimame niisome kama mtangazaji.

Sasa siri hiyo usijisumbue kuitunza, haipo tena.

Nilikwenda kwenye kikundi nia yangu niseme tu umeshinda. Nikasema. Wakafurahi, wakapiga vigelegele, halafu fundi cherehani akauliza umeshindaje. Nikajibu kwa sababu una akili. Akasema kila mama anasema hivyo kuhusu mtoto wake, hata wake aliyeshindwa kufunga kifungo cha shati mpaka miaka tisa. Wakaanza kuzungumza habari za bei ya trei. Mwanangu, nilikaa pale nikaona ushindi wako unapita hivihivi kama wa mtu aliyeshinda sabuni. Ukiitoa hila yangu, habari yenyewe haina kichwa. Nikasimama nikaisema yote, na meza, na vumbi, na viwavi.

Mama Pacha akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo majani yangu uliyaona machafu."

"Niliyaona."

"Ukawapa viwavi wako."

"Wakala, wakamaliza."

Nikajua sasa naondoka na viatu mkononi. Akaniuliza, "Na huyo mtoto, yuko huko mbali, hajaniona, hajauona mti, hajauona mkono wako, akajua?"

Nikamwambia alijua, na akautaja wa jikoni.

Mama Pacha akasogeza kiti. "Hebu rudia hapo alipokukamata."

Nimerudia mara nne. Mara ya tano fundi cherehani akaichukua yeye, nikamwacha asimulie, lakini alikuwa anaharakisha pale pa vistari, ikabidi nimnyang'anye.

Mamako, uliyemkamata