Kabla Hujapanda Elgon

Mjukuu wangu Wafula,

Hapa Kibomet tuko wazima, na shangazi yako amemaliza kupalilia mahindi. Umeuliza tulibeba nini mimi na kaka yangu Simiyu tulipopanda Mlima Elgon kuvua samaki mtoni. Tulibeba unga, blanketi na ndoano, lakini mimi sikuweza kutulia. Niliona Simiyu anachelewa, nikamwacha nyuma nikaukimbilia mto. Ukungu ukashuka. Nilimwita, hakuitika, nikarudi kumtafuta. Nikamkuta ameketi, mguu umeteguka.

“Hao samaki wangekuhama?” akaniuliza.

Nilimbeba mgongoni mpaka chini.

Orodha yako ya mizigo ya kupanda mlima Agosti nimeisoma mara tatu. Hujataja unaenda na nani. Niandikie jina lake upesi.

Babu yako